Waliokula Kondoo wa Mama Njeri

Mzee Songok tulimzika Jumamosi moja ya mwezi wa nane, huko Chepsaita, mvua ikitishia tangu asubuhi lakini isinyeshe. Simu ilikuja Jumatano. Mjukuu wake alinipigia, msichana nisiyemjua, akasema nyanya yake amemtuma anitafute na imemchukua siku mbili kupata namba yangu. Nilimwuliza nani mwingine wa zamani ameitwa. Akasema, "Kuna mama mmoja anaitwa Mama Njeri, anatoka Nakuru. Huyo ameshasema atakuja." Mimi si mtu wa matanga. Nikienda nakaa nyuma, nakula, narudi kwangu Kapseret kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Lakini hii nikaona nikikosa kwenda nitakuwa nimemkosea Mzee mara ya pili, na ile ya kwanza ilinitosha.

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi ya haki za binadamu mwaka ule wa baada ya vita vya uchaguzi, wananiangalia kwa heshima ambayo sijui niiweke wapi. Wanafikiria nilisimama mbele ya mapanga. Sikusimama mbele ya kitu chochote. Nilikaa kwa kiti, nikachapa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha uhazili na vidole vyenye mbio. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, katikati ya mji wa Eldoret, kimegawanywa kwa mbao nyembamba. Upande huu nilikuwa mimi, kompyuta moja, printa iliyomeza karatasi mbilimbili, na benchi ya watu sita ambayo kila siku ilikaliwa na watu tisa. Upande wa pili alikaa Bwana Wafula, mwalimu mkuu aliyestaafu, ambaye aliacha chaki akaingia mambo ya ardhi bila kuwa wakili, na ambaye mawakili wenyewe walipanda ngazi kuja kumwuliza maswali. Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda kupitia sakafu ikakaa kwenye karatasi, kwenye nywele, hata kwenye chai. Nyumbani walijua nimefika kabla sijabisha.

Chai ilikuja saa nne, chupa kubwa na sahani ya mandazi, na Bwana Wafula alikuwa na sheria kwamba hakuna mtu anayeandikisha taarifa kabla hajanywa. "Mtu mwenye njaa husimulia haraka," alikuwa akisema, "na akisimulia haraka anaruka jina la mto." Kwa hivyo kwanza walikunywa, na mimi nikawasikiliza wakinywa. Nilikuwa nimetarajia kilio. Nilichosikia zaidi ni watu wakibishana kuhusu dawa ya kuku, mtoto wa nani amepata shule, na kwa nini mahindi ya msaada yanachelewa kuiva kwa sufuria. Mtu angesema, kwa sauti ileile ya dawa ya kuku, "Hiyo ilikuwa kabla wachome kwangu," kisha akaomba sukari. Sasa nikiwa mkubwa naelewa kwamba mtu hawezi kulia kila siku hadi saa tisa alasiri. Wakati ule nilidhani labda hawakuumia sana, na nikaaibika kufikiria hivyo, nikachapa haraka zaidi.

Jina langu lilikuwa shida pale kwenye benchi. Bwana Wafula aliita, "Jeptoo, leta faili," na maneno yakakatika ghafla, kwa sababu waliokuwa pale wengi walikuwa wamefukuzwa na watu wenye majina kama langu. Ndipo yeye alitoa kichwa juu ya mbao na kusema, "Huyu ni wetu, endeleeni." Kwa upande wa pili, wajomba zangu walikuwa wakiongea jikoni wakidhani sisikii: huyu msichana anawaandikia hao watu kesi ya kutushtaki. Mmoja akasema wacha, ni kazi tu, hata mchimba kaburi si yeye ameua mtu. Niliishi mwaka huo katikati ya hayo mazungumzo mawili, na sitasema ulikuwa ushujaa. Mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuja, na kazi nyingine mjini haikuwepo.

Mama Njeri alikuja mwezi wa nne, kutoka kambi ya mahema pale Showground. Alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri hata kama gauni lilikuwa la msaada, na alikuwa wa kwanza kwa foleni siku zote, wakati mwingine akitupata sisi wenye ofisi hatujafungua. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wamenunua ekari nne huko Chepsaita kutoka kwa mzee mmoja aitwaye Barno. Wakalima hapo miaka kumi na saba. Wiki ya kwanza ya vita nyumba ikachomwa na kila karatasi ikachomeka nayo. Barno mwenyewe alikuwa amekufa. Mwezi wa tatu, Mama Njeri akiwa kwa hema, mtoto wa Barno, anaitwa Hillary, aliingiza trekta akalima zile ekari nne zote, akasema baba yake hakuuza, alikuwa amekodisha tu. Na hati ya shamba lote ilikuwa bado kwa jina la Barno, kama ilivyokuwa kwa mashamba mengi ya huko. Watu walinunua, wakaandikiana kwa ukurasa wa daftari, wakaishi.

Bwana Wafula alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Kondoo alichinjwa?"

"Alichinjwa," Mama Njeri akasema. "Dume mweusi. Bwana yangu alimnunua sokoni Turbo."

"Nani walikula?"

Nieleze hapo, kwa sababu watoto wangu mwenyewe hawajui. Huko kwetu, enzi hizo, shamba likiuzwa karatasi ilikuwa ya serikali lakini kondoo alikuwa wa watu. Mnunuzi alileta kondoo, akachinjwa palepale shambani. Wakala muuzaji, mnunuzi, mtu wa ukoo wa muuzaji, na jirani ambaye shamba lake linagusana na lile. Wakishakula wanainuka pamoja na kutembea mpaka, wote, mguu kwa mguu, kutoka mti hadi mti. Aliyekula amekubali. Karatasi inaweza kuungua, lakini aliyekula hawezi kusema hakuona, na hata baraza la wazee la ardhi, lile lililokaa Turbo kwa ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, lilikuwa likiuliza habari ya nyama kabla ya kuuliza habari ya wino. Mama Njeri akahesabu kwa vidole. Barno, marehemu. Mume wake, marehemu. Ndugu ya Barno, marehemu. Akabaki na kidole kimoja, Mzee Songok, jirani wa upande wa chini. Huyo ndiye aliyemficha yeye na msichana wake siku mbili kwa ghala la mahindi, kisha akawapeleka mpaka kwa polisi kwa trela ya trekta, wamefunikwa na magunia. Kwa hivyo kesi yote ya Mama Njeri, ekari nne na miaka kumi na saba, ilikuwa imebaki kwa mdomo wa mzee mmoja, na mzee huyo aliishi katikati ya watu waliomtaka Mama Njeri asirudi.

Bwana Wafula hangeweza kwenda. Angeonekana kutoka barabarani. Nilitumwa mimi, kwa sababu msichana wa Kinandi mwenye kikapu ni mgeni wa mtu fulani tu, hakuna anayeshtuka. Nilibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai. Mkono mtupu haulambwi. Ilikuwa mwezi wa sita, mahindi yamefika magotini. Nilipita kando ya shamba la Mama Njeri na sikuweza kutofautisha mahindi ya wizi na mahindi mengine. Yalikuwa mazuri, yamepaliliwa. Pale nyumba ilikuwa, palibaki msingi wa saruji na maboga yalikuwa yanatambaa juu yake.

Jikoni kwa Mzee Songok mlikuwa na giza la moshi na joto zuri. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, alisonga ugali bila kuniuliza kama nina njaa, akaleta mboga ya managu na maziwa ya kibuyu yenye majivu, mursik ya kweli. Mzee alikula polepole. Alikuwa mrefu, masikio yametobolewa kizamani, koti la jeshi ambalo sikujua alilitoa wapi. Aliniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia, akanitajia babu yangu na ng'ombe fulani. Kogo ndiye aliyeanza. "Huyu ametumwa na Mama Njeri," akasema, ingawa nilikuwa sijasema chochote cha hiyo. "Uso wake ni wa mtu ametumwa." Mzee akacheka kidogo. Akaniuliza Mama Njeri anakula nini huko kambini, msichana anasoma, hema inavuja. Nikajibu yote. Ndipo akaweka bakuli chini.

"Nilikula ile nyama," akasema. "Mguu wa nyuma nilipewa mimi, kwa sababu mpaka ni wangu. Siwezi kukataa. Nikikataa nitakufa vibaya." Kogo akasema hata asipokataa anaweza kufa vibaya. Wakabishana hapo, kwa sauti ya chini, kama wazee wanaobishana nani ameacha lango wazi. Mwishowe Mzee akanigeukia. "Mwambie huyo mwalimu wako nitakuja siku ya baraza. Lakini jina langu lisiandikwe mahali popote mpaka niwe nimeingia kwa huo mlango. Nikiwa ndani nitasema kila kitu, na wakishasikia wamesikia. Shida yangu ni njiani. Umeelewa, mtoto wangu?" Nikasema nimeelewa. Akataka nirudie. Nikarudia neno kwa neno, na Kogo akanifungia mursik nyingine nipeleke kwetu.

Bwana Wafula alifurahi mpaka akanunulia benchi yote soda. Alikuwa na utaratibu wake wa mambo kama hayo, na ulikuwa utaratibu mzuri, sina la kumlaumu. Kila kesi ilikuwa na karatasi mbili. Moja ni tangazo la kubandikwa ubaoni nje ya ofisi ya D.O., lenye majina ya wenye kesi, shamba na siku, basi. Ya pili ni barua ya mashahidi, ambayo iliingia kwa bahasha, ikafungwa kwa gundi, na yeye mwenyewe akaipeleka mkononi kwa mwenyekiti wa baraza asubuhi ya kusikilizwa. Alinieleza hivyo siku yangu ya kwanza, akanieleza tena mara kumi. Nilichoka kuelezwa. Nilikuwa mtu wa kazi safi na nilitaka ijulikane.

Wiki ya kutengeneza matangazo, umeme ulikuwa unapotea kila baada ya nusu saa. Nilikuwa na kesi kumi na moja. Siku hiyo umeme ukarudi saa tano, na badala ya kufungua ukurasa mpya kwa kila tangazo nilifungua zile barua za mashahidi, nikabadilisha kichwa, nikabadilisha tarehe, nikafuta mwisho, nikachapisha. Barua kumi nilifuta vizuri. Moja nilifuta nusu. Nilibeba zote mwenyewe mpaka Turbo, na karani pale akanipa pini nizibandike, kwa sababu yeye alikuwa anakula. Nakumbuka nilizipanga zikanyooka, nikapima pembe kwa kidole zilingane. Nilirudi nyuma hatua mbili kuziangalia. Nilikuwa nimeridhika sana, na huo ni ukweli mtupu. Zilikaa ubaoni wiki mbili, siku za soko zikiwemo, na watu wa Turbo na Chepsaita husoma kila kitu kilichobandikwa.

Siku ya baraza ilikuwa mwezi wa tisa. Bwana Wafula aliingia ofisini kwa mwenyekiti na bahasha yake. Mimi nikasubiri kwenye ukumbi mwembamba wa nje, mgongo kwa ukuta, nikisikia watu wakiongea habari ya mvua kwa Kinandi na Kikuyu na Kiswahili, kila kikundi pembe yake. Ndipo nikageuza kichwa kuangalia kazi yangu ubaoni. Karatasi ya tatu kutoka kushoto. Chini kabisa, mstari mmoja uliobaki: shahidi wa mlalamishi, Mzee Songok wa Chepsaita, jirani, aliyekula. Niliisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza macho yalikataa. Nilikuwa nimemwaga mtama penye kuku wengi, na nikapima pembe zake. Niliangalia huku na huku, nikaing'oa ile karatasi, nikaikunja nikaitia ndani ya blauzi. Hakuna aliyeuliza. Pini iliniingia kidoleni na sikusikia mpaka baadaye.

Mzee Songok alifika na watoto wake wawili wa kiume, mmoja kila upande. Alikuwa amevaa kofia. Hakunisalimia. Watoto wake walikaa mlangoni badala ya kukaa naye, na nje kwenye nyasi kulikuwa na vijana watano au sita ambao hawakuwa na kesi yoyote. Mwenyekiti akamwapisha, akamwuliza alikuwa wapi siku Barno alipochinjiwa kondoo. Mzee akaangalia juu, kwenye mabati. "Siku hiyo nilikuwa Kapsabet," akasema. "Nilikwenda kuona mgonjwa. Sikula." Mwenyekiti, ambaye alikuwa mzee kama yeye na alijua uzito wa neno hilo, alimwuliza mara ya pili, polepole. Akajibu vilevile, sauti imeshuka. Bwana Wafula aliacha kuandika. Mwenyekiti akamwuliza Mama Njeri kama ana swali kwa shahidi. Ilikuwa haki yake kuuliza, na sote tulisubiri amwulize mguu wa nyuma, ghala la mahindi, magunia. Alisimama, akanyoosha gauni.

"Mzee," akasema, "Kogo hajambo?"

"Hajambo," Mzee akasema.

"Mwambie nimemsalimu." Akakaa.

Uamuzi haukuchukua saa moja. Hakuna karatasi, hakuna aliyekula, shamba libaki kwa jamaa ya Barno. Hillary hakushangilia. Alikuwa anaangalia viatu vyake, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Bwana Wafula alitupeleka mimi na Mama Njeri kwa hoteli ndogo hapo Turbo, akaagiza chapati na maharagwe. Mama Njeri alisema hana njaa, akafunga chapati yake kwa karatasi ampelekee msichana, akaaga. Tukabaki wawili. "Wamemnunua," Bwana Wafula akasema. "Mzee mzima, wamemnunua kama mbuzi." Hapo ndipo ningesema. Karatasi ilikuwa tumboni kwangu, ndani ya nguo, ilikuwa inanikwaruza nikipumua. Nilikula chapati mbili. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo: nilikuwa na njaa, nikala nikashiba. Kesho yake akanisomea maneno ya kufunga faili, shahidi amehongwa na upande wa pili, na mimi nikachapa, bila kosa hata moja.

Habari kamili nilipata baadaye kutoka kwa mtu wa kubeba maziwa aliyekuwa anatoka pande hizo. Siku ya nne baada ya tangazo kubandikwa, maziwa ya Mzee Songok yalikataliwa pale yanapokusanywa. Walimwambia mitungi imejaa, na mitungi ilikuwa mitupu. Wiki iliyofuata waya wa ua wake ulikatwa. Kisha ng'ombe wawili wakapatikana wamekatwa mishipa ya miguu. Kisha watu wakaenda si kwake bali kwa watoto wake, usiku, wakaongea kwa upole sana. Mtu hanunuliwi hivyo. Mama Njeri naye alihama kambi wiki mbili baada ya kesi, akaenda Nakuru kwa dada yake, na sikumwona tena.

Mpaka Jumamosi ile ya mazishi. Nilifika nikakaa nyuma, kama kawaida yangu. Shamba la Mama Njeri nilipita kando yake tena. Hillary alipanda mikaratusi, imekuwa mirefu, huwezi kuona msingi. Kogo aliletwa kwa kiti, amekonda, akili yake ikiwa palepale. Alinishika mkono akauliza nina watoto wangapi. Halafu akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba tangu siku ile ya baraza Mzee hakula kondoo tena. Akipewa harusini alisema meno yanauma. "Na meno yake yalikuwa mazima yote," Kogo akasema. "Wameyazika yakiwa mazima." Nilitaka kuinuka niende kulia mahali, lakini alikuwa bado ameshika mkono wangu, na kulikuwa na watu.

Mama Njeri nilimpata nyuma ya jikoni, kati ya wanawake wa pale, anamenya viazi. Hakuna aliyemshangaa. Nilikuja kujua kwamba yeye na Kogo walikuwa wakipigiana simu kila Krismasi miaka yote hiyo. Amezeeka, kitambaa kimefungwa vilevile vizuri. Alinitambua mara moja, akanikumbatia na mikono yake ya maji, akanipa kisu. Tukamenya. Tuliongea habari ya msichana wake, ambaye ni mwuguzi sasa, habari ya Bwana Wafula aliyefariki, habari ya magoti. Wanawake wengine wakaitwa kupakua, tukabaki sisi wawili na karai la viazi, nikajipiga moyo konde.

"Mama," nikasema, "jina la Mzee kwa lile tangazo, ni mimi niliandika. Mzee hakununuliwa. Aliniambia nisiandike, na nikaandika. Shamba lako ni mimi nililipoteza."

Aliendelea kumenya. "Najua," akasema. "Siku ile nilifika kabla yenu wote. Niliisoma nikiwa peke yangu hapo ukutani. Halafu nikaenda kunywa maji kwa mfereji, na nikigeuka nikakuona ukiing'oa."

Nilikuwa nimebeba kitu hicho miaka yote hii nikidhani nimekibeba peke yangu. Nikafikiria swali alilomwuliza Mzee mbele ya baraza, na kwamba aliposimama kuliuliza alikuwa ameshajua kila kitu. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Bwana Wafula.

"Nimwambie akufukuze?" akasema. "Yule alikuwa mtu wa sheria, angekufukuza hiyo siku. Na sasa iwe nini? Yangu ilikuwa imeisha, Jeptoo. Maji yamemwagika. Lakini hapo kwa benchi kulikuwa na watu. Mama Wambui alikuwa bado hajaitwa. Yule mzee wa Sugoi, mwenye miguu mibaya, alikuwa anapandishwa hizo ngazi na watu wawili. Na hakuna mwingine alikuwa anajua hizo karatasi ila wewe. Nikasema wacha ninyamaze, huyu msichana awamalizie hao wengine." Akatupa kiazi ndani ya maji. "Si uliwamalizia?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa ametoka Nakuru, angerudi Nakuru. Lakini nilimwambia vile ilivyokuwa: kwamba mwezi wa kumi na moja nilipata kazi ya mizigo kule uwanja wa ndege, karibu na nyumbani, mshahara mara mbili, na sikuweza tena kukaa mbele ya ile kompyuta. Kwamba niliacha faili juu ya meza na barua ya mistari minne. Kwamba Bwana Wafula alikaa bila mchapaji mpaka mwaka mpya, na kufikia wakati huo mahema yalikuwa yamefungwa na watu wametawanyika.

Mama Njeri aliweka kisu chini. Hasira yake kuhusu shamba nilikuwa nimeingoja sehemu kubwa ya maisha yangu, na haikuwa imekuja. Sasa nikaiona ikija, na haikuwa ya shamba.

"Hata yule mzee wa Sugoi?" akauliza.

"Hata yeye," nikasema.